Kitambaa cha Mteja si Mali ya Fundi

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa saa kubwa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa ni zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nimeitundika sebuleni, na chini yake ndipo nilipoketi kuandika haya.

Siku ile ya kuagana mmoja wenu aliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, kwa sababu pilau ilikuwa imeshafunuliwa. Aliuliza: mtu anayefanya kazi nyumbani kwake, fundi cherehani au msusi, ambaye anachouza ni kazi ya mikono yake, kodi yake unaianzia wapi? Najua siku hizi kodi imebadilishwa jina, huduma nazo zimeingizwa, na sheria zenu ni nene kuliko zetu. Lakini swali ni lile lile, na mimi nimelijibu miaka mingi nikiwa nimeketi kwenye vigoda vya watu.

Nilianza kazi Shinyanga mjini, miaka ya sabini ikiwa bado michanga. Nilitoka Ushirombo, kwa wakulima, nikiwa na cheti cha shule ya masista na viatu vilivyonibana. Kodi ya mauzo ilikuwa jambo jipya. Wananchi wengi hawakuijua, na baadhi yetu tuliokwenda kuikusanya tulikuwa tumewatangulia kidogo tu. Nilikabidhiwa kwa Mzee Kibwana, mtu wa Pangani aliyeletwa bara na kazi, akaoa huku huku na kujifunza kuamkia watu "mwangaluka" kwa lafudhi ya pwani iliyowafurahisha Wasukuma wote.

Kabla hajanifundisha lolote kuhusu kodi, Mzee Kibwana alinifundisha kukaa.

"Ukisimama mlangoni wewe ni askari," aliniambia. "Ukikaa, wewe ni mgeni. Na mgeni haambiwi uongo mwingi."

"Mwingi, mzee?"

"Kidogo utaambiwa. Hiyo ni heshima."

Nyumba ya kwanza aliyonipeleka ilikuwa ya fundi redio pale Ngokolo. Chumba kizima kilijaa redio, toka sakafuni mpaka juu, nyingine zimefunuliwa matumbo. Nikajisemea, huyu ana duka, tena duka kubwa. Nilianza kuziangalia moja moja kwa jicho la kazi. Mzee Kibwana akanywa chai yake taratibu, halafu akamuuliza fundi swali moja tu: "Hizi ni za nani?"

"Za watu, mzee. Zote za watu."

Tulipotoka aliniuliza, "Sasa yule ameuza nini?"

Nikasema sijui.

"Ameuza kuunguza vidole vyake. Redio ilikuwa ya mtu ilipoingia, na ya mtu yule yule ilipotoka. Kodi yetu inatafuta kitu kilichotengenezwa kikauzwa. Kwa hiyo kabla hujafungua mkoba, uliza kitu ni cha nani."

Zipo huduma zilizokuwa na utaratibu wake, nyumba za wageni kwa mfano, na hizo alinifundisha baadaye. Lakini swali lile la Ngokolo ndilo lililonilisha mpaka nastaafu.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa Kahama. Nilipewa baiskeli, mkoba wa ngozi ulioachwa na mtangulizi wangu, na muhuri ambao wino wake ulikauka kila kiangazi. Watu wa Kahama waliniita Mama Kodi. Sikuwa nimeolewa wala kuzaa, lakini kwa desturi yetu mama lazima awe na mtoto, wakanipa huyo. Barabarani watoto waliniamkia, "Shikamoo Mama Kodi," na wazazi wao wakaficha walichokuwa wamebeba.

Ndiyo maana nilishangaa siku mwanamke mmoja alipoingia ofisini kwa hiari yake mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mjane, amevaa gauni lililoshonwa vizuri kuliko lolote nililowahi kumiliki. Alijitambulisha kuwa Mama Salome wa Nyahanga, fundi cherehani.

"Nafanyia kazi nyumbani, barazani," alisema. "Nimeambiwa kuna kodi. Nataka kuijua kabla haijanijua."

Nilimfuata nyumbani kwake siku hiyo hiyo, nikapewa kigoda. Baraza lilikuwa safi, cherehani ya mguu ikiwa katikati, na pembeni rundo la vitambaa vya kila rangi. Nikamuuliza swali langu.

"Vingi ni vya wateja," alisema. "Mtu ananunua kitambaa chake, ananiletea, mimi nashona. Lakini hiki cha kaki na hiki cheupe ni changu. Nimepewa kwa kibali, nishone sare za shule, niziuze."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Gauni la mteja, kitambaa ni cha mteja; yeye analipwa kwa kushona, hapo hajauza gauni. Sare ni jambo jingine. Kitambaa ni chake, anatengeneza nguo, anaiuza. Hapo ipo kodi, naye ataiongeza kwenye bei ya sare. Akasikiliza huku akipitisha uzi kwenye sindano bila kuitazama.

"Na uzi?" aliuliza. "Gauni ni la mteja, lakini uzi ni wangu."

Nilimwandikia mkubwa wangu Shinyanga kuuliza habari za uzi, na majibu yalipokuja, uzi ule ulikuwa umeshavaliwa na kufuliwa na kuchakaa. Walisema usihesabiwe.

"Basi vitenganishe," nilimshauri. "Vyako weka kwenye kabati. Vya wateja weka kwenye magunia masafi, ili mtu yeyote akiingia asivichanganye."

Akafanya hivyo. Kuanzia hapo nilipita kwake mara kwa mara, na si kila mara kwa ajili ya kodi. Alikuwa na tabia ya kusema kweli bila kupandisha sauti, na chai yake ilikuwa na tangawizi. Wanawake walijaa pale barazani mchana, wengine wakijifunza kushona, wengine wakisubiri nguo, wengine hawakuwa na sababu yoyote. Kilugha chao cha Kisukuma nilikielewa kwa taabu, kwa kuwa mimi ni Msumbwa, nao walinicheka kwa upole.

Halafu ikaja ile miaka ya vitu kuadimika. Ninyi mmeisikia tu. Sabuni ilikatwa vipande, sukari ikawa habari ya kusimuliana, na kitambaa kilipopatikana watu walipanga foleni bila kujua ni cha rangi gani. Walanguzi walikuwepo kweli, na waliumiza watu. Ukaanzishwa msako. Mgambo waliingia majumbani kutafuta bidhaa zilizofichwa, na wakati mwingine walipata walanguzi, na wakati mwingine walipata watu tu.

Asubuhi moja walifika Nyahanga. Walikuta kabati la kaki na magunia ya vitambaa, tena vipya, ambavyo hakuna duka mjini lililokuwa navyo. Wakabeba vyote, cherehani ikiwa juu yake, na Mama Salome wakampeleka mahabusu kwa kosa la kuficha bidhaa.

Nilipata habari kwa mwanamke mmoja wa pale barazani, aliyekuja ofisini akiwa peku. Nikaenda kwa mkuu wangu wa kituo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebakiza muda mfupi wa kazi na aliyetaka kuumaliza salama.

"Kazi yako ni kukusanya, si kutetea," alisema. "Wakati huu ukisimama karibu na mtu aliyekamatwa, nawe unaonekana una gunia."

"Wanachotaka kujua ni kitu ni cha nani, mzee. Hilo ni swali letu."

Aliinuka, akafunga mlango. "Una siku za likizo?"

"Ninazo."

"Basi mimi sijui unakokwenda likizo."

Nilianzia kituo cha polisi. Nilimkuta Mama Salome anafagia ua, kazi wanayopewa mahabusu asubuhi. Aliniamkia kama kawaida, akauliza habari za nyumbani. Nilimuuliza kama ameumizwa, akasema hapana. Kisha akageukia ukuta, akafagia upya mahali palipokuwa safi, ili nisione uso wake. Niliona. Nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kwanza, halafu nikaenda kuzungumza na kamati.

Kamati ya msako ilikuwa ikikaa ukumbini, na mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Nilimweleza tofauti ya kushona na kuuza. Nikamwambia kuwa kitambaa cha sare kina kibali na kodi yake naijua mimi mwenyewe. Na kwamba vilivyomo kwenye magunia ni vya wateja.

"Mama, kila tuliyemkamata anasema vitu ni vya watu," alijibu. "Wako wapi hao watu?"

"Nikiwaleta?"

"Walete. Na kila mmoja ataeleza kitambaa chake kabla gunia halijafunguliwa."

Niliona ni haki. Ndivyo ningefanya mimi.

Nilidhani wataogopa kuja, maana nani alitaka kuonekana mbele ya kamati ile akidai kitambaa kipya? Lakini siku ya kikao walijaa mpaka nje. Alitangulia mwanamke aliyekuja peku ofisini kwangu. Alisema chake ni kitenge cha buluu, kona moja imetafunwa na mbuzi. Gunia likafunguliwa, kona ikaonekana, na meno ya mbuzi hayana ubishi. Mwingine alisema chake kina doa la mafuta ya taa, mumewe alikibeba pamoja na chupa, na akaeleza kwa urefu ni mume wa namna gani, mpaka mwenyekiti akamwomba arudi kwenye kitambaa. Mama mmoja wa Kiislamu alieleza maua ya kitambaa chake jani kwa jani. Mwenyekiti alianza kulegea. Niliona anasubiri kwa hamu atakayefuata.

Kikabaki kitambaa kimoja chini kabisa ndani ya gunia la mwisho, cheupe, cha kung'aa, cha gauni la arusi. Ndicho kilichokuwa cha thamani kuliko vyote. Hakujitokeza mtu.

"Ni cha nani hiki?" mwenyekiti alimuuliza Mama Salome.

"Cha Masanja, mchimbaji wa Rwamgasa. Anaoa. Alisema atarudi nikimaliza."

"Kila mlanguzi ana Masanja wake," alisema mwenyekiti. Na kweli, Usukumani ukiita Masanja sokoni wanageuka wengi. "Kama hayupo, kitambaa hiki ni chako, na kesi inabaki. Tutakutana tena Alhamisi."

Nilipanda lori lililobeba chumvi na unga kwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Njia ilikuwa mbaya, na dereva alikuwa mtu wa kusimama kila penye jamaa yake, naye alikuwa na jamaa wengi. Rwamgasa wakati ule ilikuwa vibanda vya nyasi na turubai, na katikati yake mashimo ambayo wachimbaji waliyaita maduara, watu wakishuka kwa kamba na kupanda wakiwa rangi moja na udongo. Nilikuwa nimevaa khanga, nimeacha mkoba nyumbani. Hata hivyo nilipouliza Masanja mara ya kwanza, watu waliokuwa karibu walipungua. Kuchimba kwao hakukuwa na kibali, na mgeni anayeuliza jina la mtu hakuwa habari njema.

Niliketi kwenye kibanda cha mama ntilie nikaagiza ugali. Nikamweleza habari yote, tangu cherehani mpaka mahabusu. Aliosha sahani zake zote kimya, akatoka, akarudi na kijana mrefu mwenye mabega mapana na macho yaliyojaa vumbi.

"Wewe ni serikali," Masanja aliniambia.

"Ni serikali, lakini sikuja kwa ajili ya duara lako. Nimekuja kwa ajili ya kitambaa."

Aliposikia yaliyompata Mama Salome alichuchumaa, akachorachora chini kwa kijiti.

"Nikifika Kahama wataniuliza hela ya kitambaa nimeitoa wapi."

"Huenda wakakuuliza."

"Niseme nini?"

"Sijui, mwanangu. Siwezi kukufundisha uongo, na siwezi kukuahidi kwamba ukweli hautakuumiza."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani, lakini hayo ndiyo yaliyotoka. Nilijua namwomba mtu asiye na deni nami aingie kwenye mdomo wa simba. Nilikuwa karibu kumwambia abaki.

"Sasa hivi yule mama anafanya nini huko?" aliuliza.

"Asubuhi anafagia ua wa kituo."

"Mtu mzima vile?"

"Ndiyo."

Aliinuka, akamwomba mama ntilie maji ya kunawa miguu, akavaa shati. Hatukuzungumza tena habari hiyo mpaka Kahama.

Alhamisi ukumbi ulijaa zaidi. Mama Salome alipomwona Masanja akiingia alifumba macho muda mrefu. Mwenyekiti akamwambia kijana aeleze kitambaa chake.

"Ni cheupe," alisema Masanja. "Zaidi ya hapo sijui. Kitambaa cheupe kina maelezo gani, mzee?"

Wanawake wakaguna. Mwenyekiti akaanza kukunja karatasi zake.

"Ila nilikishika," Masanja akaendelea polepole, kama anayekumbuka huku anaongea. "Siku ya kumpelekea mama huyu. Nilikuwa nimetoka kazini, sikunawa vizuri. Alinigombeza. Pembeni, kwenye pindo, kuna alama za vidole vyangu."

Kitambaa kikakunjuliwa mezani. Pindoni palikuwa na alama tatu nyekundunyekundu za udongo, na moja hafifu ya dole gumba. Mwenyekiti akavua miwani, akaisogeza karibu.

"Weka mkono wako hapa."

Masanja akaweka. Hakukuwa na la kubishania.

Tulidhani yamekwisha. Lakini mwenyekiti hakumruhusu aondoke.

"Hela ya kununulia kitambaa kama hiki, wakati huu, umeipata wapi?"

Masanja alinitazama, halafu akamtazama Mama Salome. "Kwa kuchimba," alisema.

"Kuchimba nini?"

"Chini, mzee."

Hakuna aliyecheka. Yule mwalimu mstaafu alikikunja kitambaa mwenyewe, pindo kwa pindo. Kisha akavaa miwani yake.

"Kamati hii imeketi kwa habari ya vitambaa," alisema. "Mambo ya chini ya ardhi yana wenyewe. Fundi arudishiwe mali za watu, na aende nyumbani."

Sitawadanganya kwamba vyote vilirudi. Kitambaa cha sare, kile chake mwenyewe chenye kibali, kilikuwa kimeshauzwa kwa wananchi pamoja na bidhaa za walanguzi, na hakuna aliyejua kilikwenda kwa nani. Cherehani ilirudi bila mkanda. Mama Salome alisikiliza taarifa hiyo amesimama wima.

"Basi nitabaki na kazi ya mikono," alisema. "Hiyo hawawezi kuibeba."

Tangu siku hiyo hakushona tena sare za kuuza. Alishonea watu vitambaa vyao tu. Ofisi yetu ikapoteza mlipa kodi mwaminifu kuliko wote wilayani, na hilo, vijana wangu, ndilo nililotaka mlione. Mnapoingia kwenye baraza la mtu, mnaweza kumwonyesha mstari ulipo kati ya kazi yake na bidhaa yake, akafanya biashara bila hofu. Mnaweza pia kuvibeba vyote kwa pamoja, kwa kuwa ni rahisi zaidi kupakia. Mstari ule si hila ya mkwepaji. Ndio unaomwezesha mtu mwaminifu kulala.

Siku ile ya kuachiwa tulimsindikiza mpaka Nyahanga, cherehani ikiwa kwenye mkokoteni na Masanja akiusukuma. Arusi yake ilikuwa Jumamosi, kanisani Ushirombo, na gauni lilikuwa halijakatwa hata kipande. Mama Salome hakukaa kupumzika. Alimtuma mtu kuazima mkanda, akafua lile pindo kwa kipande cha sabuni alichokuwa amekitunza kwa ajili ya Krismasi, akachukua mkasi. Wanawake wakagawana kazi: mmoja pasi, mmoja kola, mmoja chai. Nami, ambaye likizo yangu ilikuwa bado haijaisha, nikapewa vifungo vya mgongoni, vile vidogo vilivyovishwa kitambaa. Nilishona kwa moyo wote mpaka jua likaanza kushuka. Mama Salome alipita, akavitazama, akanishukuru, "Wabeja, Mama Kodi," na akanishika bega. Nikavuka mtaro wa mbele ya nyumba, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata shangazi wa bibi arusi alipita Kahama, akaingia ofisini kunisalimu. Alisema gauni lilisifiwa kanisa zima, hasa mgongo wake, vifungo vimenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Sikuweza kungoja jioni. Nilichukua baiskeli mpaka Nyahanga, nikakaa kwenye kigoda changu, nikampa Mama Salome zile sifa zote bila kupunguza neno.

Alisikiliza mpaka mwisho, mguu wake ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Vilikuwa vizuri kweli," alisema. "Nilivifumua vyote ulipovuka tu mtaro."